Duka Lililorukwa

Oke-Osan,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpenzi Morounfolu,

Kabla ya neno lolote nakupigia magoti, kama nilivyokuwa nikikupigia jikoni kwa mama. U hali gani huko Ilorin? Mapacha wameacha kukohoa? Na shemeji, mgongo wake unaendeleaje? Sisi tuna afya, na ndoa yangu, dada, bado tamu kama asubuhi ile uliponifunga kilemba. Gbolabo hagusi ugali wake wa amala mpaka nikae naye sahani moja. Akikata kitambaa huimba jina langu, wateja wanacheka, nami najificha nyuma ya pazia kwa furaha. Sikujua kama mwanamume anaweza kupendwa hivi.

Uliniuliza habari za uchaguzi. Unakumbuka gavana wetu alitangaza barabara pana, na maduka yote ya upande wa soko yakapakwa alama nyekundu ya kubomolewa, la kwetu likiwemo, pamoja na chumba cha nyuma tunamolala. Mwalimu Olajubu alipojitokeza kumng'oa, aliahidi mbele ya umati kwamba hakuna tofali litakaloguswa. Gbolabo akamwamini kwa moyo wote. Akawashonea wafuasi wake kofia bure, akawa wakala wake kwenye kituo chetu cha kura. Mama Risikatu, kiongozi wa wanawake wa gavana, hakupita dukani bila kumchokoza: eti, fundi, hizo unashona kofia au sanda ya mwalimu wako? Gbolabo akamjibu aandae macho, maana gavana akianguka atamshonea leso ya kufutia machozi, tena hatamtoza. Mtaa mzima ulicheka. Nikajiona mke wa shujaa.

Siku ya kura nilivaa gauni alilonishonea mwenyewe. Kura zilihesabiwa hadharani, karani akiinua karatasi moja moja na umati ukiitikia namba kwa sauti. Mwanzoni sisi ndio tuliosikika. Kisha likaanza kuitwa jina la gavana, likaitwa, likaitwa, mpaka watu wetu wakanyamaza, wakabaki wale wengine wakihesabu kwa makofi. Jimbo zima lilikuwa hivyo hivyo. Gbolabo alitia sahihi matokeo. Njiani aliniambia amepoteza kila kitu isipokuwa mimi. Nililia mpaka kifua cha gauni kikalowa, naye akadhani namlilia Mwalimu.

Jumanne tingatinga likaja. Lilianza kwa muuza shanga, likamvunjia kinyozi Lamidi pamoja na vioo vyake. Sisi tulikuwa tumeshatoa nje cherehani na kitanda. Lilipofika kwetu, msimamizi aliutazama ukuta, akamnong'oneza dereva, na likaturuka. Likaenda kuvunja la jirani wa upande wa pili.

Sasa duka letu limesimama peke yake kama jino moja kinywani. Lamidi, yule aliyecheza kwenye harusi yetu mpaka kiatu kikamkatika, alipanda juu ya kifusi chake akampigia Gbolabo kelele: "Hongera, wakala wetu! Tuambie basi, ulituuza wote, au ulibakiza hata mmoja wa kukusalimia?" Gbolabo akaapa kwa kaburi la mama yake. Wakamwambia amwache marehemu apumzike. Tangu hapo hakuna aliyeleta hata suruali ya kupunguza. Akitoa salamu, watu wanatazama miguu yao. Anarudi ndani, ananiuliza mimi, Abisoye wake, amemkosea nani.

Dada, ni mimi. Kabla ya uchaguzi Mama Risikatu alinifuata, Gbolabo akiwa mkutanoni. Akaniita mwanangu, akasema kura ya mke wa wakala ina utamu wake. Nikishaweka alama ya kidole, niinue karatasi wazi kabla ya kuikunja, aione, na duka letu halitaguswa. Nikawaza chumba chetu, kitanda chetu, pazia lile. Siku ya kura mume wangu alikuwa amenipa mgongo, anamwonyesha bibi mmoja foleni. Nikainua. Mama Risikatu aliitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

Leo Gbolabo ameazima nyundo kubwa kwa mwashi. Kesho, soko likijaa, atalibomoa duka kwa mikono yake mwenyewe, watu wakitazama, ili wajue hakumuuza mtu. Amenikumbatia akasema ana bahati kupata mwanamke wa kusimama naye hata kwenye kifusi. Nikimwambia ukweli, hatakuwa na haja tena ya nyundo, wala yangu mimi. Kwa hiyo sitamwambia. Nitasimama pembeni na maji yake ya kunywa, nikimtazama akivunja.

Wabusu mapacha. Msalimie shemeji, na mama ukimpigia simu mwambie nimenenepa. Barua hii uichome. Na ukinijibu, dada yangu, usiandike anwani ya dukani.

Mdogo wako akupendaye,
Abisoye