Mkaguzi wa Kiti cha Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo umetulia na kwamba umeacha kuinua ndoo za maji, ingawa nakujua. Sisi huku ni wazima, isipokuwa miguu yangu, ambayo tangu nirudi shule imevimba mpaka viatu vinaikataa.

Umeuliza mbona niko kimya, na matokeo ya mtihani yamekuwaje. Matokeo nitakwambia. Kwanza niache nitoe ya moyoni, maana nimechoka, na wa kumlalamikia ni wewe uliyenijaza maneno kwamba mtu mzima anaweza kufanya kazi kutwa na bado akasoma jioni. Habari ya mama mkwe hukuniambia.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa ile ile ya dobi pale hotelini. Mashuka yanaingia machafu, yanatoka yamenyooka, na mimi nimesimama kwenye mvuke mbele ya mashine ya pasi. Walipotangaza nafasi ya karani wa stoo, kazi ya kukaa, dada, kwenye kiti chenye mgongo, wakasema haipewi mtu asiye na cheti cha kidato cha nne. Wangeishikilia mpaka matokeo ya mwaka huu, basi. Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni.

Shemeji yako hakupinga. Alisema tu kwamba njia ya kurudi ina giza, na kwa kuwa yeye yuko lindoni, mama yake atanisindikiza. Nikadhani atanifikisha mlangoni ageuze. Aliingia. Akachagua kiti cha nyuma, akapakata mkoba wake, akatulia kama mtu aliyeletwa na serikali.

Toka siku hiyo sikupumua. Mwalimu akiuliza nani hakufanya zoezi, mama mkwe anajibu kwamba ni huyu hapa, alilala na viatu miguuni na kitabu usoni. Nikikosea, anaguna. Siku moja aliniuliza mbele ya watu wazima wenzangu mbona mwandiko wangu umeinama hivyo, unaumwa nini. Wakampachika jina la Mkaguzi, naye badala ya kukasirika akalipenda.

Na mimi nilimpa cha kusimulia. Siku ya jaribio la hesabu nilimkabidhi mwalimu karatasi yangu nikiwa nimeikunja pembe kwa pembe, tena nikaipigapiga kwa kiganja ilale, kama foronya. Mikono ilifanya yenyewe. Aliyecheka kuliko wote unamjua.

Mwisho mwalimu naye alimchoka. Akamwambia kwa adabu kwamba, kama anapenda shule kiasi hicho, chumba cha pili kuna darasa la watu wazima wanaoanza kusoma na kuandika. Nilijua ataona haya arudi nyumbani. Akabeba mkoba wake akahamia.

Nikashukuru, kumbe bado. Darasani nilipata nafuu, nyumbani nikakoma. Alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: pakiti ya sabuni, chupa ya dawa ya kikohozi, gazeti lililofungiwa vitunguu. Nikiwa na sufuria inayofurika mkono mmoja na kitabu cha historia mkono wa pili, yeye ananivuta gauni nimsikilize amefika wapi. Nilimjibu vibaya mara nyingi, dada. Sitakuficha.

Sasa sikia. Kule dobini hakuna ruhusa, kuna mbadala. Ukitaka kutoka, unaleta mtu asimame kwenye mashine yako, awe ndugu au jirani. Msimamizi haangalii sura, anaangalia mashuka. Bila mbadala, umejifukuza. Siku ya mtihani wangu wa mwisho, mwenzangu tunayemwita Redio alikuwa ameniahidi kabisa. Asubuhi akatuma ujumbe kwamba amepata wageni.

Nilikaa kitandani nimevaa sare ya kazi nikasema basi, naenda kazini, mtihani na uende zake. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake zuri, kichwa kimesukwa upya. Aliniuliza hiyo mashine inawashwaje. Nikamwuliza na mtihani wa darasa lake je. Akasema wao ni wiki ijayo, nivue hiyo sare haraka aivae. Wala sikumshukuru. Nilimwambia asiniunguzie foronya za watu nikakimbia. Jioni alirudi na alama ya moto mkononi, akasema mashine yangu ina kiburi, kisha akaanza kunihoji nilijibu nini.

Matokeo yametoka, dada. Nimefaulu, na nafasi ya stoo nimepata. Ningekuandikia siku hiyo hiyo. Lakini nikiwa pale shuleni, mwalimu wa chumba cha pili alinivuta pembeni akauliza Mkaguzi alipatwa na nini, maana ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake, na siku ya mtihani hawakumwona. Nikauliza mtihani gani. Akanitajia siku. Ilikuwa siku ile ile, dada, asubuhi ile ile. Lile gauni zuri hakulivaa kwa ajili ya mashuka.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Alisema mtihani wake utakuwepo mwakani, kiti cha stoo kisingekuwepo, na kwamba nisimzibie mwanga. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, kwa sababu mtu wa namna hii utamgombezaje?

Nimemwandikisha upya. Mimi ndiye ninayemsindikiza sasa, nikitoka stoo. Nakaa kiti cha nyuma. Jana hakufanya zoezi, nikamsemea kwa mwalimu, naye akanitazama jicho hilo!

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama mkwe anakusalimu. Ukurasa wa kwanza wa barua hii ameusoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka mwisho, akasema mimi ni mwongo, yeye hajawahi kuguna. Huu wa pili nimeuficha. Ukija kutupongeza, anza na yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Karani wa Stoo