Jina Langu Limekufa Ufaransa

Toulouse, Ufaransa
12 Aprili 1916

Kaka Khoan,

Shikamoo. Mama hajambo? Shemeji na kichanga je? Mimi mzima, ila mikono imekuwa ya manjano. Baruti tunayojaza kwenye makombora inapaka rangi mpaka kwenye kucha, na haitoki hata kwa sabuni.

Barua za posta husomwa, kwa hiyo hii nampa mtu wa kwetu, wa Nam Dinh, anayerudishwa nyumbani kwa kuvunjika mguu. Humu nasema wazi: huku naitwa Khoan. Msimamizi akiita jina lako asubuhi naitika "Nipo!" na moyoni nacheka. Usijilaumu. Mkuu wa kijiji aliita jina lako uletwe huku, lakini wewe una mke na mtoto. Mimi nina nini? Jogoo mmoja, na najua umeshamla.

Wafalme wa Ulaya wamegombana, na kwenye foleni ya chakula mbele yangu yuko Msenegali, nyuma yangu Mmadagaska. Tunaulizana kwa vidole: wewe umekosewa na nani? Wote tunatikisa kichwa.

Kitu kimoja, kaka. Nikifa huku, mkiniwekea chakula kwenye madhabahu ya wafu wetu pale nyumbani, niite kwa jina langu. Ukiita lako, nitasimama mlangoni na njaa, na wali utakuwa wako. Nakujua kwa wali.

Mdogo wako mtukutu,
Thuan

Dong Ha
3 Agosti 1916

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na mtoto ameota meno mawili. Jogoo yu hai, acha uchuro! Mama aliposikia habari za kufa alitema tambuu akasema, "Mwambie afunge huo mdomo arudi, mke nimeshamtafutia."

Hii inapita posta, na bahasha nimeiandika kwa jina unalolijua. Mkuu wa kijiji anatafuta watu tena. Juzi wamemchukua mwana wa mfinyanzi. Uliloomba, nakuahidi.

Kaka yako

Toulouse
20 Januari 1917

Kaka,

Shikamoo. Mama na shemeji hawajambo? Mimi sina nguvu sana, kikohozi kimeng'ang'ania. Theluji imefika magotini. Wali wa hapa unapikwa mpaka unakuwa uji, na mchuzi wa samaki wa mama nauota.

Yule Msenegali amekufa. Hakuna aliyejua kutamka jina lake, wakaandika namba. Nimeogopa, kaka. Usisahau ahadi.

Mdogo wako

Dong Ha
15 Juni 1917

Mdogo wangu,

U hali gani? Mbona kimya? Mama kila siku ananituma kwa tarishi. Haya, nakiri: jogoo tulimla sikukuu ya mwaka mpya. Andika basi unitukane.

Kaka yako

Dong Ha
9 Novemba 1917

Mdogo wangu,

Hii haina stempu. Nitaichoma uani pamoja na nguo zako za karatasi, kama tunavyowachomea wafu, ikufikie. Hali sijui nikuulize vipi.

Karatasi ya serikali ilikuja Septemba: Khoan wa Dong Ha amekufa kwa mapafu. Nilikwenda kwa mkuu wa kijiji nikamwambia waandike upya, aliyekufa ni Thuan. Akaniangalia. "Khoan amekufa," akasema. "Kama yu hai, basi jina lake bado linadaiwa; kuna meli bandarini Haiphong inaondoka wiki hii, na bado natakiwa kutoa mtu mmoja. Haya, wewe ni nani?"

Nilimfikiria mtoto. Nikasema, "Mimi Thuan."

Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kimenyamaza. Hata shemeji yako mbele za watu ananiita kwa jina lako. Mama hanisemeshi.

Leo ni siku ya mia tangu ufe, siku ya kukuwekea chakula. Mama amepika kila ulichopenda. Mkuu wa kijiji alikaa mkeka wa mbele, akasubiri asikie nitaita jina gani. Nikasimama madhabahuni kumwita marehemu aje ale, nikaita jina langu, Khoan. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitesa.

Ubani ulipokwisha, mama alishusha bakuli lako la wali akanipa mkononi. "Kula," akasema. "Si umejiita mwenyewe?"

Nikala, mdogo wangu. Nililimaliza lote, huku wananitazama.

Nisamehe. Mwakani ukisikia Khoan anaitwa, usisimame mlangoni. Ingia tu, ni wewe.

Kaka yako,
Thuan