Jani Moja la Kambo

Mama,

Kwa heshima zote, na nikiwa nimesimama wima, ninakutangazia rasmi: kwenye dirisha la jikoni, ndani ya kopo la majarini, limetoka jani. Ni dogo kuliko ukucha.

Sasa nikae, nikuambie ukweli. Ule mmea wako wa majani yenye makunyanzi, uliouita Kambo, yaani Bibi, kwa kuwa ulifanana uso na bibi yetu, niliuua mimi. Si makusudi. Baada ya kilio chako, watu walipokwisha kurudi makwao, nilitaka kuutunza kifalme. Nikauletea udongo kutoka shimo letu la Mutoshi, ule wa kijani wenye shaba ambao wanunuzi wanaugombania. Nikasema, kama unalisha familia, utashindwa na majani kumi? Miaka tisa ninachimba, Mama, na sikuwahi kujiuliza kwa nini pale shimoni hakuoti kitu.

Yakawa njano, yakaanguka. Likabaki moja.

Hapo nikakumbuka ulivyouanza mmea huo: kwa jani moja la ofisini ulikokuwa unafagia. Ulituambia: "Mi sikuiba. Lilikuwa chini, nikalifagia mpaka nyumbani." Basi nikalikata na kikonyo chake, nikalichomeka kwenye udongo wa bustani yako ya sombe, yale majani ya muhogo, na vumbi la makala ya kupikia kutoka chini ya gunia lililoletwa toka Mutshatsha. Nikangoja. Kila nilipobeba kikombe nilikusikia: "Usimupe maji ya huruma. Weka kidole kwanza." Nikaweka kidole udongoni, kuona kama umekauka. Kila asubuhi nikapangusa vumbi la malori kwenye makunyanzi, kwa mswaki wako wa zamani, kama ulivyokuwa ukifanya.

Asante, Mama. Nilidhani unapoteza muda. Kumbe asubuhi zile za kwanza, bila huo mswaki, mi nisingetoka kitandani.

Hata dada Adela, aliyekuwa akikutania kila Jumapili kama mmea huu huliwa, "Lakini Mama, hii banakulaka?", siku hizi ananyang'anya mswaki. Nawe ulikuwa unacheka tu.

Pumzika, Mama. Ninaahidi: kidole kwanza, kikombe baadaye. Na udongo wa Mutoshi hautavuka tena mlango wako.

Jana Adela alivunja ncha ya lile jani la zamani, akatafuna taratibu, sote tukimwangalia.

Halina ladha.