Njumu za Gitaa la Jilo

Mjukuu wangu Habona,

Natumai huko Nairobi u mzima. Hapa kijijini Wema tu salama. Bibi yako ameanza kuvuna mpunga, na goti lake limetulia.

Unauliza njumu za shingo ya gitaa unalotengeneza, zile alama za kupachika za kuongoza vidole, uzitie za nini: gamba la chaza, mfupa au shaba. Nikiwa kijana nilimtengenezea gitaa rafiki yangu Jilo, baada ya ugonjwa kumpofusha macho. Nilikwenda hadi Kipini, kule pwani, kutafuta magamba ya chaza. Niliyakata vipande vya duara, nikayapachika, nikayapiga msasa mpaka yakalingana kabisa na ubao. Yaling'aa, na kila aliyeyaona aliyasifu.

Jilo alipitisha vidole juu yake mara mbili.

"Alama umeziweka wapi?" akaniuliza.

Niliona haya. Kumbe kazi yote ile nilikuwa nimewafanyia watazamaji. Nikachemsha mfupa wa ng'ombe, nikachonga vitone vidogo, nikavipachika ubavuni mwa shingo na kuviacha vimejitokeza kidogo. Kidole gumba chake kikavikuta. Jumapili ile alipiga kanisani nyimbo zote bila kupotea.

Magamba sikuyang'oa. Watu waliendelea kuyasifu, na Jilo kila mara alicheka.

Sasa mjukuu wangu, umenieleza habari za mti, nyuzi na gundi. Hukunieleza gitaa hilo ni la nani. Niambie hilo kwanza.

Ni mimi babu yako,
Buya