Kwa Tarsis Lyaruu, Aliyewasemea Wachina Mtaa wa Narung'ombe

Mwaka umetimia leo, Tarsis, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Jumanne wodini, mkeo Severa akiwa ameshika kikombe cha uji ambao hukuusubiri. Watu husema siku zinakimbia. Nyumbani kwako Buguruni hazikimbii. Zinajikokota, na Severa anajikokota nazo.

Wengi Kariakoo walikujua kwa sauti kabla ya kukujua kwa sura. Ulitoka Kibosho ukiwa kijana, ukauza sabuni na viberiti kwenye duka la mjomba, miaka ile ambayo hata sabuni ilipatikana kwa kujuana. Ruksa ya biashara ilipokuja na bidhaa zikafurika mpaka barabarani, wenzako walikimbilia mitumba na redio. Wewe ulikwenda bandarini ukanunua kwa baharia mmoja deki ya video, televisheni, na mikanda kumi na moja ya karate. Severa alilia siku hiyo. Alidhani umerogwa.

Mzee Harilal, muuza vitambaa, alikupa ghala lake la nyuma ulifanye banda la video. Alikuwa na wasiwasi.

“Tarsis, hawa watu wa kwenye picha wanaongea Kichina. Nani ataelewa?”

“Nitaelewa mimi, Mzee,” ukamjibu. “Wengine watanisikiliza.”

Kichina hukukijua hata neno moja. Ulitazama kila mkanda mara tatu peke yako, ukaamua nani kamkosea nani, kisha ukasimama kando ya televisheni ukawasemea wote: mzee mwenye ndevu nyeupe, adui, binti wa mwenye hoteli, mpaka farasi. Wapagazi wa sokoni, mafundi gereji, wapiga debe, wote walijibana kwenye mabenchi. Ukinong'ona walinyamaza. Ukipiga kelele walisimama.

Severa alikuuliza siku moja watu wazima hawa wanapenda nini hasa kwenye ugomvi usiokwisha.

“Mama Joyce,” ukamwambia, “mpagazi amebeba magunia tangu alfajiri na kutukanwa na kila aliyempisha njia. Anakuja kukaa pale anamwona mtu hana bunduki, hana mjomba serikalini, ana mikono miwili tu. Anateka maji na kupasua kuni miaka mitatu mpaka mikono inakuwa chuma. Nani mwingine amewahi kumwambia mpagazi kwamba mikono yake ni mali?”

Tangu siku hiyo hakukuuliza tena. Alianza kuja mwenyewe, akakaa benchi la nyuma na sufuria ya maandazi mapajani, akauza na kutazama.

Kasoro za picha zile ulizijua kuliko waliozicheka. Adui ishirini wamemzunguka mtu mmoja na wanamwendea mmoja mmoja, ukawaambia watazamaji, “Waacheni, hawa wamezoea foleni ya sukari.” Mtu aliyekufa mwanzoni alirudi katikati akiwa askari, ukasema ni pacha wake, kaja kuulizia maiti. Ngumi ilimkosa mtu kwa hatua nzima, na mlio ukasikika uleule wa kupasua ubao. Hadithi ya wafalme wa kale, na mkono wa stelingi, yule shujaa wa picha, una saa. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika mwisho wake, nao ukaumalizia kwa mdomo dakika kumi nzima mbele ya kioo cheusi, na hakuna aliyetoka.

Kasoro iliyomuudhi Severa ilikuwa nyingine. “Kila picha mke anauawa mapema ili mume apate hasira,” alisema. “Hakuna hata mmoja anayebaki hai akala chakula cha jioni?” Ulicheka mpaka machozi. Baada ya hapo, kila mke alipoanguka kwenye picha, uliwatangazia watu: “Mama Joyce amesema huyu kazimia tu.” Na banda zima likamgeukia na kumpigia makofi.

Lakini kuna uongo mmoja wa picha zile ambao hukuwahi kuucheka, Tarsis. Stelingi anapigwa, anatema damu, anakimbilia milimani. Huko hapati dawa wala daktari. Anavumilia tu. Anajifunga kitambaa kichwani, anafanya mazoezi, na baada ya miezi mitatu anashuka mzima. Uongo huo uliuamini.

Sauti yako ilianza kukwaruza baada ya Krismasi. Watazamaji walidhani ni mtindo mpya, walisema sasa unamwigiza adui sawasawa. Mwezi wa tatu Severa alikuwa anafua, akakuta leso yako imekauka damu. Alikusubiri mlangoni nayo mkononi.

“Hii nini, Baba Joyce?”

“Koo tu. Nimepiga kelele mno wiki hii.”

“Koo halitoi damu kwa kelele. Kesho twende hospitali.”

“Nipe miezi mitatu.”

“Miezi mitatu ya nini?”

Kesho yake uliamka alfajiri ukakimbia mpaka Ilala na kurudi. Ukaacha sigara, na hilo lilikuwa jema. Ukanywa tangawizi na asali na mayai mabichi, ukamwambia binti yako Joyceline kwamba mwili ni kama chuma, unanyooka kwa kupigwa. Severa alikutazama ukivua shati jasho likikutiririka, mbavu zimeanza kuhesabika.

Alihangaika. Alikwenda kwa Mzee Harilal, naye akakuita dukani akakuambia ana binamu daktari, uende hata leo, hutadaiwa senti. Ukasema kesho. Alikwenda kwa padri, padri akaja, ukamkaribisha chai na kumwonyesha jinsi unavyopumua vizuri. Alikwenda kwa kaka yako Ansbert, akiamini damu ni damu, atakusukuma. Ansbert alikuwa anashusha mzigo. Hata kukaa hakumkaribisha.

“Mwache,” alisema. “Mwanaume anaujua mwili wake. Wewe unamzonga mno.”

Severa alirudi nyumbani kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Buguruni na hajui alipita njia gani. Jioni hiyo alipiga magoti mbele yako, Joyceline akiona. “Nakuomba, Tarsis. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mtoto.” Hakuwa amekuita kwa jina tangu mlipooana. Ulimwinua, ukamfuta uso kwa kiganja, ukasema, “Bado mwezi mmoja.”

Mwezi huo ukaisha, ukafuata mwingine. Kufika Agosti ugali haukupita. Ulikuwa unatafuna na kutema kwenye kitambaa umeipa meza mgongo, ukidhani hakuna aonaye.

Hapo ndipo alipofanya jambo lile ambalo watu walilisema mtaani mwezi mzima. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, banda limejaa hadi mlangoni. Severa alikuja bila sufuria ya maandazi. Alipita katikati ya mabenchi, akawakanyaga watu miguu, akafika mbele na kuzima televisheni. Watu wakazomea.

“Nizomeeni,” alisema. “Mkimaliza mnisikilize. Huyu mnayemsikia ana damu kooni miezi mitano. Hali, hamezi. Mimi nimemwomba nimechoka. Ndugu zake nimewaomba. Ninyi anawapenda kuliko sisi sote. Mwombeni ninyi.”

Ulimshika mkono umtoe, na sauti iliyokutoka ilikuwa ya kitu kinachokwaruzwa ukutani. Ulimwambia, “Umeniaibisha mbele ya watu wangu.”

Mrisho, yule mpagazi wa sokoni mwenye mabega mapana, alisimama benchi la mbele. Alikuja polepole, akakuangalia shingo, akaona uvimbe ambao giza la banda lilikuwa limekufichia.

“Kaka Tarsis,” alisema, “leo picha tunaiacha hapo. Twende.”

“Siendi.”

“Basi utabebwa. Kazi yangu ni kubeba.”

Nao wakakubeba, watu wanne, mpaka barabarani, na Mzee Harilal akatoa gari lake la kusambazia vitambaa. Ulikataa Severa aingie mbele ulipokaa. Alikaa nyuma na wapagazi, juu ya majora ya kanga, hakulia.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Alimulika kooni, akapima, akamwita Severa pembeni. “Mama, ingekuwa mwezi wa tatu tungekuwa tunaongea mengine,” alisema. “Sasa tutajaribu.” Walikupasua, wakakuwekea tundu shingoni la kupumulia. Tangu siku hiyo hukutoa sauti tena.

Hivyo maneno yale ya bandani ndiyo ya mwisho uliyomwambia Severa. Fikiria, Tarsis. Wewe uliyewapa maneno watu wasiojulikana wa nchi ya mbali, mkeo ulimwachia hayo. Kila siku ulikuwa unageukia ukuta akiingia. Alikuosha mgongo, akakubadilishia shuka, akasukuma uji kwa mpira, na akatoka kwenda kulia kwenye ngazi ambapo wauguzi walimkuta mara kwa mara. Jumapili wapagazi walikuja wamevaa mashati safi, wakajipanga kuzunguka kitanda na hawakujua la kusema, maana kwako walikuwa wamezoea kusikiliza.

Tulikupa karatasi. Uliandika “maji”. Uliandika “Joyce asome”. Baadaye kalamu ikawa nzito.

Siku mbili kabla hujaondoka, hukugeukia ukuta. Ulimtazama Severa ukachezesha midomo, muda mrefu, sentensi nzima. Akainama. “Sikusikii, Baba Joyce. Sema tena.” Ukarudia. Akakaza macho kwenye midomo yako kama mtu anayesoma barua kwenye mvua. Ukarudia mara ya tatu, kisha ukafumba macho. Lakini vidole vyako vilikuwa vimeshika pindo la kanga yake, na alipotaka kuinuka havikuachia. Alibaki ameinama hivyo mpaka mgongo ukafa ganzi. Hajui ulisema nini. Anauliza kila mtu aliyekuwepo wodini, hata leo. Hakuna ajuaye.

Kwenye matanga, Tarsis, tulifanya vibaya. Yalisemwa maneno kwamba aibu ya banda ndiyo iliyokuvunja moyo, kwamba ungeachwa ungepona. Severa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasikia kila neno, na hakuinua kichwa. Aliyeanza kuyasema ni Ansbert. Ndiye yuleyule aliyesema “mwache”, na ndiye anayeshika kalamu kuandika haya kwa niaba ya wote, kwa sababu hapati usingizi.

Wiki iliyopita Ansbert alikwenda Buguruni. Severa alikuwa anachambua mchele. Alimwamkia shemeji yake kama kawaida na kumpa kigoda, ambacho Ansbert siku ile hakumpa.

“Nimekuja kukuomba msamaha,” Ansbert alisema. “Nilikufukuza ulipokuja kuomba msaada, kisha nikakutwika msiba.”

Severa aliendelea kuchambua mchele. Aliokota kijiwe, akakitupa uani.

“Wewe nimekusamehe, Shemeji,” alisema hatimaye. “Mimi ndiye sijajisamehe. Watu wanadhani najuta kuzima televisheni. Sijutii hata kidogo. Ninachojutia ni kwamba sikuizima mwezi wa tatu.”

Ansbert alitaka kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Badala yake akavuta ungo upande wake, wakachambua pamoja mpaka mchele ukaisha.

Kwa hiyo tunaandika mbele ya wote, Tarsis, wewe ukisikia: mkeo alikupigania peke yake, nasi tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi tukitazama. Na wewe unayesoma hapa, kama sauti imekukauka wiki ya tatu sasa, au una leso unayoificha, usisubiri mlima. Nenda leo.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Jumamosi, saa moja asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Severa. Binti yako Joyceline, ambaye anasoma kama ulivyoandika. Mama yako Evarista huko Kibosho. Dada zako Candida na Josepha. Kaka yako Ansbert. Mzee Harilal na mkewe Bharti. Mrisho na wapagazi wenzake wote.

Pumzika, Tarsis. Sisi tuliobaki tutakutaja kila siku tuliyopewa, na kukusahau hatutaweza.