Punje Tatu za Mahindi

Mke mwenzangu Mwanahawa, nakusalimu toka huku Korogwe, mvua haikatiki.

Mwanetu Athumani hali chakula, kisa hesabu za masomo yake. Jana nimempikia ugali wa bada na kisamvu, yeye akapanga punje tatu za mahindi mezani.

"Mama, elektroni, chembe ya umeme, inagonga atomu ndogo kabisa, inang'oa elektroni yake. Zikitoka elektroni zote mbili, pamoja na kiini cha atomu kinachobaki, ni vitu vitatu vinavyovutana na kusukumana. Viwili hesabu inakubali. Vitatu, jibu langu halifanani na vipimo. Hata mabingwa wa Ulaya wanakisia tu."

"Hata baba yako na sisi wake zake tuko watatu, hesabu inakataa."

Hakucheka. Akasukuma sahani, eti anaacha chuo.

Nimelia jikoni. Wewe ulimnyonyesha nilipougua, wewe anakusikia. Omba ruhusa huko kwenye shamba la ujamaa, njoo uwe wa tatu kwetu, umsihi asiache chuo. Mimi nimeshindwa.

Mwenzio akupendaye,
Mama Athumani