Mabakuli ya Bi Mwanaisha

Kwa dadangu Zuhura, Amu

Nakusalimu kutoka Pate. Joto ni kali na samaki ni mtamu, ila huyu Mzungu niliyekuja kumfasiria simwamini. Ni mwanafunzi wa chuo cha Ulaya, ati anasoma mambo ya Wachina. Kama ni Wachina, mbona asiende kwao Uchina?

Jana tuliingia kwa Bi Mwanaisha, mjane mwenye mabakuli ya Kichina kwenye zidaka za ukuta. Kijana aliyasifu moja moja bila kusema mashallah. Bi akaninong'oneza, "Jicho lake litanipasulia vyombo." Palepale akayageuza yote, midomo ukutani, vitako nje.

Mgeni akafurahi ajabu. Kumbe alichokuwa akikitafuta ni maandishi ya Kichina yaliyo chini ya vitako. Akakaa akiyanakili mpaka alasiri.

Leo ameniuliza kama kwetu tuna chombo cha namna hiyo. Nimemjibu kwetu tunakula kwa vifuu vya nazi. Mwambie mama lile bakuli la bibi alifungie sandukuni, asiligeuze ukutani akadhani amelificha.

Mola awalinde nyote, na bakuli pia.

Kakako, Omari